Mbeya–Dar kwa ndege: lile lisaa limoja ni la angani tu

Watu wengi wa huku wanauliza kama inalipa kupandia ndege kiwanja cha Songwe hapa Mbeya kwenda Dar badala ya basi. Inalipa, tena sana, ila usiende na ule muda ulioandikwa kwenye tiketi, huo ni wa ndege, safari yako wewe inaanzia mlangoni kwako.

Kwa anga ni kama kilomita 690. Barabarani unavuka 800 maana njia inazunguka Makambako, Iringa, unashuka Kitonga, unapita Mikumi kwa mwendo wa pole kwa ajili ya wanyama, mpaka Morogoro ndo unaitafuta Dar, siku nzima imeisha. Ndege inakata tu, chini unaona majaruba ya Mbarali, baadae milima ya Udzungwa, ukija kushtuka mnaambiwa mfunge mikanda mnashuka.

Sasa angalia aina ya ndege kabla hujalipa. Air Tanzania wakiweka Airbus A220, ile jeti, angani ni lisaa au na dakika chache. Wakiweka Bombadia Q400, panga boi, weka lisaa na robo mpaka na nusu. Zote ziko poa, mi napenda jeti kwa sababu inapanda juu haraka na mawingu ya huku kwetu yanatikisa kweli. Na jeti kutua Mbeya ni kwa sababu ya Songwe, kile kiwanja cha zamani cha mjini kilikuwa kifupi, hiki kilichofunguliwa 2012 njia yake inazidi kilomita 3.

Shida iko chini. Songwe iko nje ya mji, zaidi ya kilomita 20, na pale Mbalizi malori ya Tunduma yakishapanga foleni huna ujanja, bodaboda tu ndo wanapenya. Wa Vwawa na Tunduma mna bahati, kiwanja mnakikuta kabla hamjaingia mjini. Wa Tukuyu na Kyela ondokeni mapema jamani, mna Uyole na mji mzima wa kuvuka. Ukijumlisha na kuchekini, kusubiri begi Dar na foleni ya kuingia mjini, hesabu masaa matano hivi mlango kwa mlango.

Kingine ukungu. Msimu wa mvua asubuhi Songwe inaweza kufunikwa kabisa na ndege isitue, hilo sio kosa la mtu. Kinachoniuma ni taarifa. Kuna kampuni ilituweka pale asubuhi nzima, meseji ya kuahirisha imeingia watu tushafika, wenye watoto wanahangaika, hata maji hatukupewa. Hapo wajirekebishe. Ndo maana siku hizi nachukua ya mchana.

Mzigo pima nyumbani. Tiketi yangu ilikuwa na kilo 23, pale mzani kuna mama alikuwa anafungua kiroba cha mchele wa Kyela mbele ya watu wote, anapunguzia kwenye begi la binti yake kopo kwa kopo na foleni nyuma inalalamika, nilimuonea huruma sana. Kama una magunia panda basi, au tanguliza mzigo kwa basi alafu wewe upande ndege. Na tiketi kata wiki kadhaa kabla, ukisubiri Desemba bei inapaa.