Viza ya Australia: kufutiwa ukiwa Perth au ukiwa likizo Tanga

Mpwa wangu anasoma Perth. Mwezi huu yuko hapa Ngamiani. Kwa Sheria ya Uhamiaji ya Australia ya mwaka 1958, alipo ni jambo kubwa.

Sababu za kufuta ni zilezile za kifungu cha 116, mfano kuvunja sharti la viza. Akiwa Perth, kifungu cha 119 kinataka apewe notisi kwanza, yenye tuhuma, maelezo yake na muda wa kujieleza. Viza bado hai, darasani anaingia huku akitafuta mwanasheria.

Akiwa hapa barazani na kahawa yake na kashata, kifungu cha 128 kinaruhusu viza ifutwe bila kuonywa. Barua hufuata, chini ya kifungu cha 129, ikimwalika aeleze kwa nini uamuzi utenguliwe. Yaani unajitetea mambo yameshakwisha, na vitabu viko Perth! Kwangu mimi ile ya kwanza ni kusikilizwa. Hii ni kubembeleza.

Halafu notisi ya baruapepe huhesabika umeipokea mwisho wa siku iliyotumwa, hata kama bando limekata. Siku hizi kijana anafungua baruapepe kabla ya chai.