Kupima magonjwa ya zinaa kwenye kliniki za umma Kisumu

Kwa virusi vya Ukimwi, kliniki za umma zinastahili sifa: kipimo ni bure na mshauri huomba ridhaa yako kwanza. Anadunga ncha ya kidole, anafuta tone la kwanza, linalofuata ndilo linaloingia kwenye kipimo. Mstari penye C pekee (alama inayoonyesha kipimo kimefanya kazi), virusi havijaonekana. Ikiwa mistari ni miwili, utapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya jibu kutolewa. C isipotokea kabisa, kipimo kimeharibika, omba kingine. Kama saa 72 hazijapita tangu tukio la hatari, kama ngono bila kondomu, usingoje: omba dawa za kuzuia maambukizi siku hiyo hiyo, kisha urudi kupimwa baada ya miezi 3.

Tatizo liko kwa kisonono na klamidia, magonjwa mawili ya zinaa yanayoletwa na bakteria. Mara nyingi unapewa dawa kwa kufuata dalili tu, na klamidia hukaa kimya, hasa kwa wanawake. Hilo linatusikitisha sana. Uliza kama mkojo utapelekwa maabara. Usikojoe kwa angalau saa moja kabla, na ukinge mkojo wa mwanzo, si wa katikati. Ukitibiwa, mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana upya.