Kabla ya kununua Dracula, fungua sura ya 7

Nimelipa shilingi 35,000 kwa Dracula, ile riwaya ya Kiingereza ya mnyonya damu, yenye jalada jekundu la kupendeza, imefunikwa nailoni gubigubi. Muuzaji alinikataza kuifungua dukani. Kufika nyumbani, nakuta shajara zote za wahusika zimeungwa kama hadithi moja ndefu: tarehe hakuna, jina la anayeandika hakuna. Imeniuma sana, maana kitabu hiki nakipenda tangu nikiwa sekondari.

Bram Stoker alikitoa mwaka 1897, na watu wakikisifia husifia meno na majeneza. Mimi nasema kinachokiweka hai ni makaratasi. Hakuna msimulizi mmoja. Kuna shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti. Jonathan Harker, mwanasheria kijana, akiwa mfungwa katika ngome ya Dracula, anamwandikia mchumba wake Mina kwa hati mkato, yaani alama za kufupisha maneno. Dracula hawezi kuisoma barua ile, basi anaichoma mbele yake. Baadaye anateketeza hati za Harker na wenzake wanaomwinda, pamoja na silinda za nta ambazo mwenzao Dk. Seward alirekodia sauti yake, kumbe nakala nyingine aliyopiga chapa Mina imo kwenye sefu. Karatasi ndiyo silaha yao! Mchapishaji akifuta tarehe na majina, amekuuzia nini?

Kwa hiyo fungua sura ya 7. Pana habari za gazeti, na ndani yake batli, yaani daftari la safari, ya Demeter, meli iliyomleta Dracula Uingereza, ikaingia bandari ya Whitby nahodha akiwa maiti, mikono imefungwa kwenye usukani. Kama tarehe za batli hazionekani moja moja, kirudishe rafuni. Kisha hesabu sura: ni 27. Zikipungua, hicho kimefupishwa.

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi mapenzi yangu, ni toleo la Norton Critical Edition la 1997, lililohaririwa na Nina Auerbach na David J. Skal. Maelezo ya wahariri yako chini ya ukurasa uleule. Mzee Swales wa Whitby anaongea lahaja ngumu ambayo hata mwalimu wa Kiingereza itamkwamisha, na kufunuafunua kurasa za nyuma kila baada ya mistari mitatu kunaua utamu. Oxford World's Classics ya Roger Luckhurst naiweka ya pili, Penguin Classics ya Maurice Hindle ya tatu. Ni kazi nzuri zote, ila maelezo yako mwishoni. Ile ya Wordsworth ni ya bei nafuu, inatosha kwa anayetaka hadithi tu.

Sasa bei. Stoker alifariki 1912, na hakimiliki yake Uingereza ikaisha 1962. Matini nzima iko bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Mtu anayekuuzia matini hiyohiyo bila utangulizi, bila maelezo hata mstari mmoja, tena imevurugwa, kwa 35,000, amekuuzia jalada.

Nilikirudisha kesho yake. Nikajibiwa kitabu kikishatolewa nailoni hakipokelewi. Nilipouliza ningejuaje kilichomo bila kuitoa, yule kijana akamgeukia mteja mwingine.