Zuhura alivyopasuliwa tumbo: nilichokipenda na kilichoniudhi

Ilianza saa tatu usiku. Zuhura, farasi wangu, akawa anageuza shingo kujitazama ubavuni, anaparapara chini kwa kwato, mara akajilaza na kugaagaa. Daktari wetu wa mifugo akamchoma sindano ya maumivu. Akatulia nusu saa tu, jasho likaanza upya. Moyo ulikuwa unapiga mara 68 kwa dakika, wakati farasi mzima aliyetulia huwa kati ya 28 na 44. Daktari akampitisha mpira puani hadi tumboni, yakamwagika maji ya kijani ndoo nzima. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo yakijaa humo tumbo linaweza kupasuka. Akasema, "Msokoto huu wa tumbo si wa kutibia bandani. Mpakie."

Tulifika hospitali ya rufaa usiku wa manane na tukawakuta wameshajipanga. Wakampima kwa mkono kupitia nyuma, wakampiga picha za ultrasaundi, wakavuta kwa sindano maji yanayozunguka utumbo. Daktari wa upasuaji akaninyanyulia kichupa kwenye taa: maji ya farasi mzima ni manjano maangavu, unaweza kusoma gazeti ukiliweka nyuma yake. Haya yalikuwa mekundu. Kabla sijatia sahihi akaniuliza: tukifungua tukakuta utumbo umeoza kupita kiasi, unaturuhusu tusimwamshe? Swali lilinikata maini, lakini namshukuru kwa kuliuliza mapema, kuliko ningepigiwa simu katikati ya kazi.

Niliruhusiwa kutazama kupitia dirisha. Baada ya nusukaputi wakamfunga miguu yote minne, winchi ikamnyanyua, akalazwa chali kwenye godoro nene. Kilo karibu mia tano zikining'inia hewani! Kisa chenyewe kilikuwa uvimbe wa mafuta wenye kikonyo, ambao huwapata sana farasi wenye umri (wangu ana miaka 17). Kikonyo kilikuwa kimeuzunguka utumbo mwembamba na kuunyonga kama kamba. Wakakata karibu mita tatu, wakaunga. Utumbo huo una zaidi ya mita ishirini, kwa hiyo anaweza kuishi bila kipande hicho.

Mimi nilidhani hatari imekwisha. Kumbe kuamka ndiko kwenye mtihani, maana farasi akikurupuka akiwa bado amelewa dawa anaweza kuvunjika mguu. Chumba kina magodoro ukutani, kamba moja kichwani, nyingine mkiani, na watu nje wamezishika. Alilala karibu saa nzima. Akajaribu, akaanguka. Akakaa kitako kama mbwa, akihema. Mara ya tatu akasimama, miguu ikitetemeka, na hakuna aliyesema neno.

Wauguzi wa zamu ya usiku nawavulia kofia. Walimvalisha barafu kwatoni kuzuia uvimbe wa kwato, wakawa wanasikiliza tumbo kila baada ya saa chache. Siku ya pili usiku nikatumiwa picha ya mavi matatu, madogo, makavu. Sijawahi kufurahia kinyesi namna ile.

Sasa malalamiko. Makadirio niliyopewa yalikuwa ya upasuaji peke yake. Siku za dripu na uangalizi zilihesabiwa kando, nami nikaambiwa siku ya nne. Ombeni yote kwa maandishi mapema. Na karatasi ya kutoka iliandika "apumzike" basi. Apumzike vipi? Ilibidi nipige simu mara tatu, kila mara napokewa na mtu mwingine, ndipo nikaelezwa: wiki nane bandani, kumtembeza kwa kamba tu, majani kidogo kidogo, mkanda wa tumbo usivuliwe bila ruhusa.

Siku ya tisa mshono ukatoa usaha. Hapo walijirekebisha: wakaniita siku ileile, wakafungua nyuzi mbili, wakasafisha, na hawakunidai chochote. Sasa yuko wiki ya sita, na ananing'ata mfuko kila nikichelewa na majani.