Akaunti ya biashara ya fundi wa AC, baada ya mwaka na miezi miwili

Niliifungua Novemba 2024, kaskazi ikianza kuvuma, kwenye tawi moja la benki hapa Mombasa. Jina la benki nalihifadhi, maana nina ya kulalamikia na pesa zangu bado ziko kwao. Kazi yangu ni friji na AC: Bamburi, Nyali, Shanzu, na Likoni nikisikia feri haina foleni.

Kabla ya hapo pesa zote zilikuwa zikiingia kwenye simu yangu. Mteja ananitumia elfu kumi na nane, nusu yake ni ya gesi na kapasita, lakini zikishaingia hazina alama. Jioni mama watoto anataka ya unga, shemeji anataka nauli, asubuhi nafika dukani kununua gesi, hamna kitu. Nikawa natengeneza AC ya mteja wa leo kwa pesa ya mteja wa kesho. Mafundi wenzangu mnaijua hali hiyo.

Kufungua si kazi. Walitaka kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato), cheti cha jina la biashara (langu nililisajili kupitia eCitizen, tovuti ya serikali) na kibali cha kaunti. Siku tatu ikawa tayari. Dada wa kaunta ni mwungwana, aliniita "bosi" mpaka nikageuka nyuma kuona anamwita nani. Akaniambia akaunti haina ada ya mwezi. Mwisho wa Novemba nikaona 300 zimekatwa, "ada ya kutunza hesabu". Desemba tena. Nikaenda kuuliza.

"Hiyo si ada ya mwezi, bosi. Ni ya kutunza."

"Na inakatwa lini?"

"Kila mwezi."

Nilicheka, naye akacheka. 300 zikaendelea kukatwa.

Kizuri chao ni namba ya till, ile ya kupokelea malipo ya wateja. Mteja akilipa, pesa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti, na kwenye stetimenti kila malipo yana jina, tarehe na saa. Ndani ya akaunti kuna pia mfuko wa akiba, na kuhamishia pesa huko hakuna makato. Kwenye kodi vitu hivyo viwili ndivyo vilivyonifaa, kuliko kadi na kijitabu cha hundi walichonisukumia na ambacho sijakifungua.

Mwenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anaingia kwenye kodi ya mauzo, ile TOT. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Kabla ya hapo ilikuwa 1. Unajaza ritani, yaani fomu ya kodi ya KRA, na kulipa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na wengi hawajui kwamba inakatwa kwenye mauzo yote, haijali umebaki na nini mkononi. Januari 2025, joto kali, till yangu ilipitisha 180,000. Nikakaa na stetimenti na kalamu nyekundu: 110,000 zilikuwa za mabomba ya shaba, gesi na kompresa moja ya mzee wa Nyali. Zangu za mkono ni 70,000. Kodi ni 5,400. Ipime kwa zile 70,000 uone: karibu asilimia 8. Nilikuwa nalipia kodi kompresa ya mtu mwingine.

Tangu siku hiyo kifaa kikubwa analipa mwenye AC, moja kwa moja kwa duka. Ami mwenye duka la vipuri Kongowea hakuelewa.

"Ami, alipe yeye, na risiti iwe ya kwake."

"Na wewe, mwanangu, cha juu utakipata wapi?"

Swali la haki. Cha juu, ile faida niliyokuwa naongeza kwenye bei ya kifaa, kimepotea, sitawadanganya. Nilipandisha pesa ya ufundi, wateja wawili wakanikimbia, waliobaki wanaona bei halisi ya kila kitu na hawanisumbui tena.

Jambo moja afisa wa benki alinipoteza. Aliniambia stetimenti inatosha kwa hesabu za mteja yeyote. Haitoshi. Hoteli moja ya Shanzu ilikataa kunilipa bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na walikuwa sawa: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo hawaruhusiwi kuitoa kwenye hesabu zao za kodi. Sasa natoa ankara kwa simu, *222#, bure, nikiwa bado juu ya ngazi.

Lingine ni kosa langu mwenyewe. Juni, kusi inavuma, watu wanajifunika shuka, nani ataita fundi wa AC? Sikuuza kitu, nikadhani hakuna ritani. Kumbe hata mwezi wa sufuri hujazwa sufuri. Faini 1,000. Sasa kila Ijumaa nahamisha asilimia 3 kwenye ule mfuko wa akiba, na tarehe 15 nimejiwekea kengele ya simu, pesa iwepo isiwepo.

Mikopo sizungumzii. Kuna kijana wa benki hunipigia kunitangazia mkopo, na hupiga kila nikiwa nimeshika bomba kwa mikono miwili.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo ni za stetimenti. Fundi anayeanza, ambaye mwaka mzima hafikishi milioni 1, TOT haimhusu. Yeye anajaza ritani ya kawaida ya mwaka kabla ya Juni 30 kwisha. Kwake hizo 300 za kila mwezi ni 3,600 za bure. Daftari na laini ya pili ya simu, isiyojulikana na shemeji, zitamtosha.