TAHADHARI: Yule wa "villa ya Nungwi" Insta ni tapeli, katuliza milioni mbili na ushee, msimlipe

Jamani naandika hii mikono bado inatetemeka, toka Ijumaa ile ya Nanenane sijalala usingizi wa maana, mnisamehe nikirukaruka. Walioko kwenye grupu letu mnajua safari ile ya Unguja ya watu wanane ilikuwa na maana gani kwetu baada ya yale ya mwezi wa tatu, sirudii hapa. Na mnajua mweka hazina ni nani. Ni mimi. Hela zilipita mkononi kwangu, mimi ndo niliyebonyeza namba ya siri mara tatu, kwa hiyo naandika mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu ikiwa imetiwa chumvi.

Kuna mtu ana ukurasa Insta anapangisha nyumba za ufukweni Unguja, anasema anazo Nungwi, Kendwa na Matemwe. Jina la ukurasa siliandiki hadharani kwa sababu RB polisi tumeshafungua na nimeambiwa nisianike vitu, ila ukinifata inbox nakuonyesha. Hana nyumba hata moja yule. Hana hata banda.

Najua mtaniuliza, mtu mzima unatumaje milioni mbili kwa mtu hujawahi kumuona. Mumewangu kaniuliza hivyohivyo. Sasa nisikilizeni. Mi sikumfata yeye kwanza. Tulikuwa tunabishana twende wapi, nusu wanataka Paje kwa sababu ndo wanapaona kwenye picha za watu, wengine wanasema Kendwa, da mkubwa anasema hata Kigamboni inatosha. Nikamwandikia huyu mtu kuuliza tu bei ya Paje. Tapeli wa kawaida si angesema ndio ninayo, lete hela? Huyu akanijibu kwa sauti, voice note ya dakika nne, ile lafudhi yenyewe ya Unguja, "Skiza dada angu, Paje pazuri lakini mie sikushauri. Maji ya mashariki yakitoka yanatoka kwelikweli, mtayafata kwa miguu mpaka mchoke, mtakuta kina mama wapo na mwani wao huko nyie mlikuja kuogelea. Halafu saa hizi kusi linavuma, huko ni raha ya wale wa kuruka na matiara, nyie mna mtu mzima mtapulizwa na mchanga tu. Njooni kaskazini, Nungwi na Kendwa maji mnayo kutwa, na jua mtaliona likizama baharini. Huko Paje mtaliona linachomoza na nyie mmelala."

Na ni kweli! Hilo ndo linaloniuma. Kila alichosema ni kweli, niliuliza shoga yangu aliyekulia Jambiani akasema huyo mtu anaijua Unguja. Mpaka nilipomuuliza kuhusu Mnemba akanambia usikubali mtu akwambie mtashuka kisiwani, kile kisiwa chenyewe ni cha hoteli ya wenyewe, mtaogelea kwenye matumbawe pembeni na boti inawasubiri, anayekwambia utashuka anakudanganya. Unaona? Anakuonya kuhusu waongo. Na akanambia kabisa, "Jihadharini na matapeli, wamejaa mtandaoni, mimi wateja wangu naongea nao kwa video." Na kweli akanipigia video.

Hiyo video call nimeirudia kichwani mara mia. Ilikuwa Jumanne saa mbili usiku, nipo jikoni. Simu ikaanza na uso wake, kijana wa miaka thelathini na kitu, kofia ya kiua, anatabasamu, "Assalam alaykum bibie, ngoja nikuzungushe nyumba." Kamera ikageuka nikaona bwawa, taa za chini ya maji, sebule yenye makochi ya kamba, chumba chenye neti nyeupe, mlango wa kuchonga wenye vifundo vya shaba, nje minazi miwili na geti la bluu. Nikamwita binti yangu aje aone. Nikamwambia kaka hebu toka nje ya geti nione barabara ikoje, maana tuna mama wa watu ana magoti. Akasema sawa, picha ikaganda, simu ikakata. Akapiga tena kawaida bila video, "Mtandao wa huku unasumbua dada angu, lakini barabara ni ya gari, msiwe na shaka." Na mi sikuwa na shaka. Kumbe ilikuwa video ya kurekodiwa, kamera ilipogeuka ndo alipoiweka! Saa mbili usiku na minazi ina jua, jamani! Minazi ilikuwa na jua! Nililiona lile jua kwa macho yangu na akili haikulishika, nilikuwa nimeshajiona nipo kwenye lile bwawa.

Hesabu ilikuwa hivi. Nyumba usiku tatu kwa laki tano na ishirini, milioni moja laki tano na sitini. Boti ya Mnemba watu wanane kwa elfu arobaini, laki tatu na ishirini. Hiace kutoka bandarini, laki na nusu. Chakula cha jioni cha samaki na pweza usiku mmoja, laki mbili. Milioni mbili laki mbili na thelathini. Tukachanga laki mbili na themanini kila mtu, elfu kumi iliyobaki haikutosha hata makato. Nikatuma milioni moja kwanza. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nikasita, wallahi nilisita, nikamwandikia, akajibu hapohapo, "Huyo ni mke wangu ndo mhasibu wetu, ukiona jina lengine usitume." Nikatuma. Siku tatu baadae akasema kuna Wazungu wanaitaka nyumba kwa wiki nzima, nimalizie leo au anirudishie yangu. Alisema anirudishie! Nikaona mtu gani tapeli anataka kukurudishia hela. Nikamalizia milioni moja laki mbili na thelathini. Jumatano, keshokutwa safari, akataka laki na nusu ya amana, vitu vikivunjika, inarudi Jumatatu. Hiyo nilitoa mfukoni kwangu bila kuwaambia wenzangu ili nisiwaharibie furaha. Jumla milioni mbili laki tatu na themanini.

Ijumaa tukapanda boti ya asubuhi, sare zetu zile mnazozijua, mama wa watu kawekwa dirishani. Tunashuka Malindi dereva hayupo. Nikapiga, akapokea. Akapokea jamani! "Dereva kapata pancha Mahonda, chukueni gari yoyote mie nitawarudishia mkifika." Tukakodi Hiace laki na ishirini. Tupo Mkwajuni nikampigia tena, akapokea, "Mie nipo hapa getini nawasubiri, madafu yamo kwenye friji." Sasa nyie niambieni huyo ni binadamu wa aina gani. Watu wanane wanaimba ndani ya gari, na yeye anajua hakuna kitu mbele, na bado anaongelea madafu.

Tukafika kwenye ile location aliyotuma, tukazunguka vichochoro vya Nungwi, ndipo nikaliona. Geti la bluu. Lilelile. Bougainvillea ileile juu ya ukuta. Nikapiga kelele ya furaha, mwenzetu mmoja kashatoa simu anarekodi "tumefikaaa", hiyo video ipo na nimemuomba asiifute kwa sababu ya ushahidi ingawa kila nikiiona natamani ardhi inimeze. Nikagonga. Akatoka mzee wa makamo, kavaa msuli, tochi mkononi mchana. Nikamwamkia, nikamwambia sisi ndo wageni wa leo. Akatuangalia mmoja mmoja, akaangalia mabegi, akaangalia sare. Hakuniuliza chochote. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii haikodishwi kwa mtu huyo. Mwenyewe yupo kwao Ulaya. Nyie wa tatu tokea mwezi wa saba."

Wa tatu! Akatuambia wa kwanza walikuwa maharusi wametoka Arusha, bibi harusi alikaa juu ya begi hapohapo getini akalia mpaka magharibi.

Nikapiga simu. Haipatikani. Dakika arobaini nyuma alikuwa ananiambia madafu. Nikapiga ya "mhasibu", haipatikani. Nikafungua Insta, nimeblokiwa. Na wenzangu saba wamesimama wananiangalia, hakuna aliyenitukana, na hiyo ndo iliniumiza zaidi, mmoja tu alisema taratibu, "lakini si ulisema umeongea nae kwa video?" Mama wa watu akaomba maji. Yule mzee akaleta jagi na viti viwili vya plastiki, akamkalisha kivulini, akatafuta kijana akatupeleka gesti moja ndani ndani huko, elfu sabini chumba, tukalala wawili wawili. Bahari tuliiona. Maji yalikuwepo kutwa kweli kama alivyosema. Mi sikuingia.

Sasa huyu mtu nataka akamatwe. Sitaki kusikia "mwachie Mungu". Mungu namwachia na polisi pia nawaachia. Sheria ya makosa ya mtandao ipo toka 2015, imetungwa kwa ajili ya nani kama si huyu? Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, hiyo laini ina kidole cha mtu, kwa nini iwe vigumu? Kituo cha kwanza kiliniambia hela uliituma ukiwa Dar kafungue Dar, nimefika Dar naambiwa tukio lilikuwa Zanzibar. Nimefungua hivyohivyo, nilikaa kwenye benchi mpaka wakaandika. Mtandao wa simu wanasema hela ilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya kila muamala, hakuna cha kurudisha. Basi wakala si anajulikana? Afungwe, na huyo "mke mhasibu" afungwe, na picha zao zibandikwe pale bandarini Malindi kila anayeshuka azione. Kuna watu wa Nungwi wana vyumba vyao halali kabisa na sasa hivi mtu wa bara akiambiwa tuma advansi anaogopa, huyu kawaharibia na wao.

Mambo ya kuangalia, naandika ninayoyakumbuka. Jina la kwenye muamala si lake, hilo la kwanza kabisa, mimi liliniambia nikalinyamazisha. Pili nyumba yenyewe ipo kwenye app moja ya kupangisha, kijana wa kazini alizitafuta zile picha Google dakika mbili tu akazikuta, bei mara tatu ya aliyotupa sisi. Nilipomuuliza mbona hayupo kwenye app alisema wanakata asilimia kubwa, bora tulipane wenyewe. Wapangishaji wa kweli wanatakiwa wawe na leseni ya Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, mi sikuomba hata namba ya hiyo leseni. Maoni chini ya picha zake yote mashallah mashallah, ya kulalamika anafuta. Na video call mwambie atoke nje, ashike jani, ataje jina lako huku unaona nyumba, akisema mtandao unasumbua kata. Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na nyie ambao aliwahi kuwaandikia itumeni pia, zikiwa nyingi labda wataifunga.

Wenzangu nawarudishia. Watatu nimeshawalipa, wanne bado, wamesema niache ila siachi, mpaka mwezi wa kumi na mbili nitakuwa nimemaliza.

Na hii ndo sababu nimeandika leo nisisubiri. Juzi usiku karudi. Ukurasa mpya, jina jipya, geti la bluu lilelile, kaandika ofa ya Oktoba 14, nafasi chache. Niliandika chini "huyu ni mwizi", haikumaliza dakika tano imefutwa na nimeblokiwa. Nikaingia kwa simu ya binti yangu. Kuna dada kauliza bei gani kwa watu wanne, tunatoka Dodoma, na yeye kamjibu, "Njoo DM dada angu." Nimemwandikia huyo dada inbox mara tatu. Mpaka saa hizi hajafungua. Kuna mtu anafahamiana na watu wa Dodoma anisaidie kumfikia? Picha yake ya profaili na jina ninavyo, njooni nikutumieni sasa hivi.