Highbury au Emirates?

Arsenal, klabu ya soka ya London, walihamia uwanja wa Highbury mwaka 1913 wakitokea Plumstead, ng'ambo ya mto Thames, wakakaa hapo hadi Mei 2006. Emirates, uwanja wao wa sasa, iko karibu tu, unafika kwa miguu.

Kwa mapato hakuna ubishi: Emirates inaingiza watu zaidi ya 60,000, Highbury ya mwisho ilikuwa na viti 38,000 na ushee. Kuupanua ule wa zamani ilikuwa shughuli pevu. Nyumba za watu ziliubana, na jukwaa la mashariki la mwaka 1936 lilishalindwa kisheria kama jengo la kihistoria.

Kwa raha ya mpira, mimi ni wa Highbury. Eneo la kuchezea lilikuwa dogo, mashabiki wako puani mwa mchezaji. Anayerusha mpira anasikia kila tusi. Na ndipo mshambuliaji wao Thierry Henry alipofunga matatu siku ya kuaga uwanja, Wigan wakilala 4-2, akapiga magoti kubusu nyasi. Emirates ina viti vyenye mito. Ukikaa vizuri hivyo, unapiga kelele saa ngapi?

Halafu kuna deni: ujenzi ulikula takriban pauni milioni 390, na kwa miaka kadhaa klabu ikabana matumizi huku nyota wake wakiuzwa.